Je, Viunganishi Vina Maana? Kesi ya John Horne ya Mwaka 1777 na Historia ya Maneno Madogo ya Kiingereza

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya viunganishi vichache vya Kiingereza cha kila siku, hususan "that", "but", "because" na "while". Mjadala unaanzia kwenye kesi ya uchochezi iliyosikilizwa London mwaka 1777, ambayo ilimfanya mshtakiwa, John Horne, ageuke mwanasarufi. Inaelezwa kuwa nadharia yake ilikosea katika etimolojia nyingi na pia katika hoja yake ya kisheria, ingawa dai lake la msingi, kwamba maneno madogo ya leo yalikuwa maneno mazito ya jana, lina ushahidi mkubwa. Ushahidi huo unalinganishwa na maneno ya Kiswahili "kwamba", "kwa sababu", "wakati", "mpaka", "ila" na "bali", na suala la "kama" na "kwamba" katika lugha ya mahakama linajadiliwa.

1.0 Utangulizi

Vitabu vingi vya sarufi ya Kiswahili vinavyotumika mashuleni hufafanua nomino na kitenzi kwa maana, lakini hufafanua kiunganishi kwa kazi. Nomino hutaja kitu, kitenzi hutaja tendo, na kiunganishi "huunganisha". Mwanafunzi huondoka darasani akiamini kuwa kiunganishi ni kama uzi wa fundi cherehani: unashika nguo, lakini hakuna anayeuvaa.

Mtazamo huu una historia ndefu. Mwaka 1751 Mwingereza James Harris alichapisha kitabu chake Hermes, ambamo alidai kuwa kiunganishi chenyewe hakina maana yoyote, bali husaidia sentensi mbili zenye maana ziwe sentensi moja. John Locke alikuwa ameliangalia suala hilo kwa jicho tofauti katika insha yake kuhusu akili ya binadamu, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1689 ikiwa na tarehe ya 1690. Humo alitenga sura fupi kwa ajili ya maneno madogo na kueleza kuwa hayo ndiyo yanayoonyesha jinsi akili inavyofunga wazo moja na jingine. Anayetaka kuyaelewa hana budi kuchunguza mikao ya akili yenyewe, na orodha ya tafsiri haitamtosha. Sura ya Locke ni ya kurasa chache mno, na warithi wake wengi waliipita bila kusimama. Aliyesimama hapo alikuwa mtu aliyekwisha kufungwa jela.

2.0 Kesi ya mwaka 1777

Tarehe 19 Aprili 1775 majeshi ya Mfalme George wa Tatu yalipambana na wakoloni wa Marekani huko Lexington na Concord, Massachusetts. Habari zilipofika London, chama kilichoitwa Constitutional Society kiliazimia mwezi Juni kuchanga pauni 100 kwa ajili ya wajane, mayatima na wazazi wazee wa Wamarekani waliokufa. Azimio lilitamka kuwa watu hao waliuawa kikatili na majeshi ya mfalme, nalo likachapishwa magazetini. Jina lililokuwa chini yake ni la John Horne, kasisi wa Kanisa la Anglikana aliyependa siasa kuliko madhabahu. Jina la Tooke, ambalo historia inamjua nalo, aliliongeza mwaka 1782 kwa heshima ya rafiki yake William Tooke.

Horne alishtakiwa kwa kashfa ya uchochezi na kesi ikasikilizwa Julai 1777 mbele ya Lord Mansfield. Alijitetea mwenyewe na akashindwa. Alihukumiwa kifungo cha miezi 12 na faini ya pauni 200. Katika hatua zilizofuata, hadi rufaa kwenye House of Lords, ubishi ulihama kutoka kwenye siasa ukaingia kwenye sarufi. Hati ya mashtaka ilidai kuwa maneno ya Horne yaliandikwa "of" na "concerning" serikali ya mfalme na matumizi ya majeshi yake, yaani yaliihusu. Swali likawa: je, kusema tu kuwa maneno "yanahusu" jambo fulani kunatosha, bila hati kutamka waziwazi kuwa jambo hilo lilikuwapo?

Hapo ndipo uamuzi wa zamani, kesi ya Lawley, ulipojitokeza. Katika kesi hiyo mwanamke alishtakiwa kuwa alitenda jambo fulani huku akijua kwamba mtu aitwaye Crooke ameshtakiwa kwa kughushi. Pingamizi lilikuwa kwamba hati haikutamka moja kwa moja kuwa Crooke ameshtakiwa. Ilitamka tu kuwa mwanamke alijua hivyo. Kwa wanasheria, uamuzi huo ulionekana kuthibitisha kuwa hati inaweza kusimama hata pasipo tamko la moja kwa moja. Mwaka 1778 Horne alimjibu mwanasheria John Dunning kwa barua iliyochapishwa, na jibu lake lilikuwa la kiisimu. Alidai kuwa tamko lile lilikuwamo tangu mwanzo, limejificha ndani ya neno "that". Neno hilo, alisema, si kiunganishi hata kidogo, bali ni kionyeshi kilekile kinachomaanisha "hilo". Sentensi ikifumuliwa inasomeka hivi: Crooke ameshtakiwa, mwanamke, akijua hilo, alitenda. Kama tamko lilikuwamo, basi kesi ya Lawley haiwezi kuitetea hati isiyokuwa na tamko.

Baadaye alilalamika kwamba vihusishi viwili na kiunganishi kimoja ndivyo vilivyompeleka jela. Inafaa kukumbuka kuwa maneno hayo ni ya mtu mwenye kinyongo. Serikali iliyokuwa vitani isingekosa sababu nyingine. Hata hivyo, ni nadra katika historia ya isimu kwa nadharia ya viunganishi kuzaliwa na mtu aliyekuwa na jambo zito kiasi hicho la kupoteza.

3.0 Alichokipatia na alichokikosea

Barua kwa Dunning ilikua ikawa kitabu. Sehemu ya kwanza ya The Diversions of Purley ilitoka mwaka 1786 na ya pili mwaka 1805. Humo Tooke alishikilia kuwa lugha ina aina mbili tu za maneno zilizo za lazima, nomino na kitenzi. Mengine yote ni vifupisho vilivyobuniwa na haraka ya mazungumzo. Binadamu hutaka kusema na pia hutaka kusema upesi, na kwa sababu ya upesi huo maneno huchakaa kama sarafu inayopita mikono mingi.

Kisha akaanza kuyafumua maneno moja baada ya jingine, na hapo ndipo alipojikwaa. "If", alidai, ni amri ya kitenzi "give", yaani "toa" au "tujalie". Katika Kiingereza cha Kale umbo "gif" linafanana kweli na "giefan", lakini lugha nyingine za ukoo huo hazikubali. Kigothi kina "jabai" kwa kiunganishi na "giban" kwa kitenzi, maneno mawili yasiyo na uhusiano. "Unless" alilitoa kwenye kitenzi cha kufungua au kuachilia, kumbe ni "on less", yaani "kwa kiasi pungufu ya". "Though" na "and" nazo alizipatia asili ambazo hakuna mtaalamu anayezikubali leo. Jacob Grimm alipoanza kuchapisha sarufi yake ya lugha za Kijerumani mwaka 1819, mbinu ya kulinganisha sauti kwa kanuni iliziacha etimolojia nyingi za Tooke bila msingi.

Kosa lake kubwa zaidi, hata hivyo, halikuwa katika etimolojia. Kuhusu "that" alikuwa sahihi: kiunganishi hicho kilitokana kweli na kionyeshi. Alichokosea ni kudhani kuwa asili ya neno ndiyo maana yake ya leo. Jaribio moja linatosha kuonyesha hivyo. Badala ya "akijua kwamba Crooke ameshtakiwa" weka "akidhani kwamba Crooke ameshtakiwa". Kiunganishi ni kilekile, katika Kiingereza na katika Kiswahili, lakini tamko la kuwa Crooke ameshtakiwa limetoweka. Kilicholibeba tamko lile ni kitenzi "kujua", kwa kuwa mtu hawezi kujua lisilo kweli. Inashangaza kwamba mtu mwenye akili kali kama ya Tooke hakulijaribu jambo hili, au pengine alilijaribu akaona halimsaidii.

Dai la msingi lakini halikufa. Mwaka 1912 Mfaransa Antoine Meillet aliandika kuhusu mchakato ambao neno huru hugeuka kipashio cha kisarufi na akaupa jina ambalo kwa Kiswahili tunalitafsiri usarufishaji. Meillet alikuwa na kile ambacho Tooke hakuwa nacho, yaani ushahidi wa maandishi uliopangwa kwa karne.

4.0 Safari za maneno matatu

Neno "while" lilikuwa nomino yenye maana ya kipindi au muda. Katika Kiingereza cha Kale, mwandishi aliyetaka kusema "Stephen alipokuwa mfalme" alihitaji fungu zima la maneno, "tha hwile the", yaani "muda ule ambao". Katika Kumbukumbu za Peterborough, zinazokoma mwaka 1154, habari za miaka 19 ya Mfalme Stephen zinaonyesha neno hilo likisimama peke yake, "wile", bila kionyeshi mbele wala kirejeshi nyuma. Nomino imekwisha kuvuka mto. Karne kadhaa baadaye likapata maana ya tatu, ya kutofautisha: huyu hufanya hivi, "while" yule hufanya vile. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kushawishiwa sana. Neno "wakati", nomino iliyotoka katika Kiarabu, limepita njia iyo hiyo: "wakati wa mavuno", kisha "wakati alipofika", na sasa "huyu anasoma wakati mwenzake anacheza", ambapo suala la saa limekwisha kusahauliwa. Kiswahili hakikuliiga Kiingereza katika hatua za mwanzo. Ni akili za wasemaji zilizopita njia moja.

"Because" lina historia inayofanana zaidi na yetu. Kiingereza cha Kale kilieleza sababu kwa mafungu yaliyojengwa juu ya "for". Baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya watawala, na nomino "cause" ikaingia. Wenyeji wakaishika kwa kihusishi chao, "by", na kufikia karne ya 14, enzi ya Geoffrey Chaucer, "by cause" limekwisha kuzoeleka, mara nyingi likifuatwa na "that". Baadaye "that" ikaanguka, maneno mawili yakaungana, na leo katika mazungumzo silabi ya kwanza nayo humezwa. Linganisha "kwa sababu": kihusishi cha Kibantu kimeshika nomino ya Kiarabu, na mtaani tayari husikika "sababu hakuja", pasipo "kwa". Hivyo anayedai kuwa Kiswahili kilikosa fikra za sababu hadi kilipokopa neno "sababu" itambidi aseme vivyo hivyo kuhusu Kiingereza kabla ya mwaka 1066. Hakuna asemaye hivyo. Waingereza waliazima pia "till" na umbo la sasa la "though" kutoka kwa Waskandinavia waliohamia kwao, na "except" na "during" kutoka Kilatini na Kifaransa.

"But" ndilo lenye utajiri zaidi. Asili yake ni "be-utan", yaani "kwa nje", na hapa Tooke alipatia nusu, kwani alilibandikia pia asili ya pili isiyokuwapo. Waskoti wamehifadhi maana ya zamani: nyumba ya vyumba viwili huitwa "but and ben", chumba cha nje na cha ndani. Kutoka "nje ya" neno lilikwenda kwenye "isipokuwa": wote walikuja "but" mmoja, yaani mmoja yuko nje ya hesabu. Kutoka hapo likafika kwenye upinzani wa mawazo mawili. Ni neno hilihili ambalo Locke alilichagua kama mfano, akionya kuwa mwalimu anayetaja neno la Kilatini au la Kifaransa linalolingana nalo hudhani amelieleza, ilhali hajaeleza kitu.

Onyo hilo linamhusu mwalimu wa Kiingereza wa Kampala au Bujumbura anayefundisha kwa msaada wa Kiswahili na kuandika ubaoni kuwa "but" ni "lakini". Pale Kiingereza kinapotumia neno moja, Kiswahili kinatenganisha. "Alikuja lakini hakukaa" ni upinzani wa matukio. "Hakuna aliyejua ila mama" ni kutoa mmoja katika hesabu. "Si mwizi bali ni mlinzi" ni kufuta la kwanza na kuweka la pili. Na pale Kiingereza kinaposema mtu ana "but" watoto wawili, Kiswahili husema "wawili tu". Maneno "lakini", "ila" na "bali" yote yametoka katika Kiarabu, na yalipokuja yalikuja na mipaka yake. Mkopo huu uliipa lugha ncha kali ambayo Kiingereza hakina. Mwanafunzi aliyezaliwa katika Kiswahili anayeandika "but" kila mahali hapotezi kitu katika Kiingereza. Anayerudi nyumbani na kuandika "lakini" kila mahali anapoteza "bali", na dalili za upotevu huo zinaonekana katika tafsiri za magazeti.

Ni haki kuongeza kwamba sehemu kubwa ya uunganishaji katika Kiswahili haiko kwenye viunganishi. Iko ndani ya kitenzi. "Akaingia, akakaa, akasalimu" huunganishwa na "-ka-". "Ukija" hubeba sharti katika "-ki-". "Alipokuja" hubeba wakati katika "-po-". Anayehesabu viunganishi huru ili kupima uwezo wa lugha anahesabu milango na kusahau kwamba kuna nyumba zenye baraza.

5.0 "Kwamba" mahakamani

Kiswahili hakikupitia njia ya "that". Hakikuokota kionyeshi, kiliokota kitenzi cha kusema. "Kwamba" ni "ku-amba", na "-amba" kwa maana ya kusema imo katika tungo za kale za pwani ya kaskazini, ambamo "akamba" ni "akasema". Katika matumizi ya kila siku kitenzi hicho kimebaki katika umbo la kutendea tu, "-ambia", na katika kirejeshi "ambaye". Kwa hiyo "alisema kwamba", kwa etimolojia, ni "alisema kusema", jambo ambalo hakuna msemaji analolisikia tena. Majirani wana mtindo wa jamaa moja: "nti" ya Kiganda na "ati" ya Kinyarwanda na Kirundi zimejengwa juu ya mzizi "-ti", unaotangulia maneno ya msemaji.

Kama Tooke angeshtakiwa kwa Kiswahili, hoja yake isingekuwa na pa kushika. Lakini swali alilouliza lingekuwa na uzito uleule. Tangu sheria ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2021, Kiswahili ni lugha ya sheria na ya utoaji haki nchini Tanzania, na hati ambazo kwa miongo mingi ziliandikwa kwa Kiingereza zinahitaji vishazi vya Kiswahili vinavyobeba tamko lilelile, bila kuzidi wala kupungua. Chukua sentensi mbili: "Mshtakiwa hakujua kwamba mali ile ni ya wizi" na "Mshtakiwa hakujua kama mali ile ni ya wizi". Kitenzi ni kimoja, kwa hiyo tofauti haiwezi kuwekwa mlangoni mwake. Katika sentensi ya kwanza wizi umekubaliwa, na kinachokanushwa ni ujuzi wa mshtakiwa tu. Katika ya pili wizi wenyewe bado ni swali. Wakili anayetamka ya kwanza amempa mwendesha mashtaka nusu ya kesi.

Ugumu unaongezeka kwa kuwa wasemaji wengi, hasa wa bara, hutumia "kama" kwa kazi zote mbili: "Nilijua kama atakuja" husemwa na mtu asiyekuwa na shaka yoyote. Shahidi aliyekulia katika matumizi hayo anaposema "sikujua kama ni ya wizi", karani wa mahakama ana njia mbili. Akiyaandika maneno kama yalivyo, hakimu aliyezoea Kiswahili sanifu atasoma shaka ambayo shahidi hakuikusudia. Akiyasanifisha kuwa "kwamba", atakuwa amemkubalisha shahidi jambo ambalo pengine hakulikubali. Kamusi haziwezi kumwokoa, kwani hutoa visawe vya "kama" bila kueleza ni wapi kisawe kinakoma. Kinachohitajika kwanza ni rekodi za ushahidi wa mdomo, zilizokusanywa katika mahakama za mwanzo za pwani na za bara, zikionyesha nani hutumia neno lipi baada ya kitenzi kipi. Baada ya kazi hiyo ndipo mwandishi wa mwongozo wa makarani atakuwa na cha kuandika.